Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Usalama wa Simu: Kutoka Meza ya Fundi, Langoni, Lamu

Meza yangu ya kutengeneza simu iko Langoni, mjini Lamu, karibu na Usita wa Mui. Kazi iliyoniweka pale ni kubadilisha vioo na kusafisha tundu za chaji zilizoliwa na chumvi ya bahari, lakini wateja wanaonijia na simu nzima kabisa, isiyo na mkwaruzo, wanazidi kuongezeka: pesa zimetoka M-Pesa, WhatsApp imehamia kwa mtu wasiyemjua, au kuna anayewatisha kwa picha. Nimeyaandika hapa majibu ninayowapa, kwa urefu pale ambapo nimeona watu wakiumia zaidi. Namba za huduma ninazozitaja ni za Safaricom, maana hiyo ndiyo laini ya wengi wanaofika mezani kwangu.

Simu yangu ni ya bei rahisi na sina pesa nyingi. Mwizi wa mtandaoni atanitakia nini?

Anayetuma ujumbe wa ulaghai hachagui mtu. Hutuma kwa namba nyingi kwa pamoja akasubiri wachache watakaojibu, kama mvuvi atupaye jarife bila kujua ni nani atakayenasa. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, laini ya simu imekuwa mfuko wa pesa, na baada ya kuja M-Shwari mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019 imekuwa pia mlango wa mkopo. Kwa hiyo aliyeingia katika laini yako hana haja ya kukuta salio, kwani anaweza kukopa kwa jina lako na kukuachia deni.

Lipo na jina lenyewe. Lamu ni mji wa watu wanaojuana hadi kwa mababu, na ujumbe ukitoka katika namba yako kwenda kwenye kundi la mchango wa harusi au la maziko, watu hutuma pesa bila kuuliza kwa sababu wanakuamini wewe. Imani hiyo ina thamani kwa mwizi kuliko simu yenyewe.

Nikiwa na robo saa tu, nianze na nini?

Weka PIN ya tarakimu sita kwenye simu, funga laini kwa PIN yake, washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kufuli la pili juu ya lile la kwanza, kwenye WhatsApp na kwenye akaunti yako ya Google au ya Apple, kisha zuia maandishi ya ujumbe yasionekane juu ya kioo kilichofungwa. Hilo la mwisho hupuuzwa sana, ilhali simu iliyofungwa inayoonyesha kila ujumbe unaoingia humsomea mwizi namba zote za uthibitisho bila yeye kugusa kitu.

Kati ya PIN, mchoro na alama ya kidole, ipi ni bora?

Mchoro ndio dhaifu. Bwana mmoja anayekaanga samaki jioni aliniletea simu yake ikiwa na tatizo la spika, akaniambia kwa uhakika kwamba hakuna awezaye kuifungua ila yeye. Niliiinamisha kuelekea mwanga wa mlangoni, na juu ya kioo pakaonekana mstari wa mafuta uliopanda, ukashuka kwa mshazari, ukapanda tena. Niliufuata kwa kidole changu na simu ikafunguka mbele ya macho yake. Hata mikono isiyo na mafuta huacha alama, na aliyekaa nyuma yako kwenye boti ya Mokowe anaweza kuukariri mchoro kwa kuutazama mara moja, jambo ambalo ni gumu kidogo kwa tarakimu.

PIN ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000, na ya tarakimu 6 ina 1,000,000. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, kwani umeandikwa kwenye kitambulisho ambacho unamwonyesha kila wakala wa M-Pesa, wala usitumie PIN ya M-Pesa kufungulia simu, kwa sababu ile ya kufungulia simu utaibonyeza mbele za watu mara nyingi kwa siku na mwisho wake itajulikana.

Alama ya kidole ni nzuri na ya haraka, ila kumbuka kwamba nyuma yake daima iko PIN, kwa hiyo kidole juu ya PIN ya 1234 hakikulindi. Mabaharia na mafundi wa jahazi hulalamika kwamba simu haiwatambui, kwa kuwa kamba na msasa umesugua ngozi ya vidole. Kwao nashauri wasajili vidole viwili au vitatu, pamoja na kimoja cha mkono wasioutumia sana kazini.

Kufunga laini kuna maana gani ikiwa simu yenyewe imefungwa?

Kuna maana kubwa. Mwizi hutoa kadi ya laini kwenye simu yako iliyofungwa, huiweka kwenye simu yake, na kuanzia hapo ujumbe wote wa uthibitisho unamfikia yeye. Kadi iliyofungwa kwa PIN haifanyi kazi kwenye simu yoyote mpaka PIN hiyo iandikwe. Ingia kwenye mipangilio ya usalama, tafuta sehemu ya kufunga kadi ya laini, washa, kisha badilisha PIN iliyokuja na kadi. Kabla ya kuanza hakikisha unaijua PIN hiyo ya mwanzo, ambayo kwa kawaida huandikwa kwenye kibebeo cha plastiki ulichopewa pamoja na kadi. Ukikosea mara tatu, utatakiwa kuandika namba iitwayo PUK. Na PUK ukiikosea mara kumi, kadi inakufa kabisa.

Wakati huohuo piga *106# uangalie ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, iripoti, kwa sababu uhalifu utakaotendwa kwa namba hiyo utaanza kutafutwa kwako.

Nimepata ujumbe wa pesa, na mtu ananipigia akisema alizituma kimakosa. Nimrudishie?

Usitume chochote kabla ya kuangalia salio lako kwa mkono wako mwenyewe kupitia menyu ya M-Pesa.

Mama mmoja wa Mkomani anayeuza mikate alinijia asubuhi akiwa ameishika simu kwa mikono miwili. "Mwanangu, hebu nitazamie," aliniambia, "huyu mtu analia, asema pesa ni za dawa ya mtoto, nami sitaki haki ya mtu." Ujumbe ulisema amepokea shilingi 3,500. Tuliutazama pamoja. Ujumbe wa kweli wa M-Pesa huingia mahali pamoja na ule wote uliotangulia, chini ya jina MPESA. Huu ulikuwa umekaa peke yake, umetoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Salio lililoandikwa ndani yake halikuwa salio lake. Tulipoangalia kwenye menyu, pesa zake zilikuwa vilevile alivyoziacha jana usiku. Simu ililia mara mbili tukiwa katika kutazama, na mara ya pili nilimwomba apokee amwambie yule mtu neno moja: "Baba, upeleke ujumbe wako kwa 456, kampuni itakurudishia." Yule mtu alikata simu na hakupiga tena.

Hiyo 456 ndiyo njia halali. Aliyetuma pesa kimakosa huupeleka ujumbe wake wa muamala kwenye namba hiyo, na kampuni hushughulikia urejeshaji. Njia hiyo inakukinga hata pale pesa zinapokuwa zimeingia kweli, kwa maana wako wanaotuma pesa halisi, wakakuomba uwarudishie kwa huruma yako, na huku nyuma wameshaomba zirejeshwe na kampuni, ukajikuta umezitoa mara mbili. Ujumbe wa ulaghai upeleke kwa 333, bila malipo. Na usiamini jina la mtumaji peke yake, kwani jina linaweza kughushiwa. Salio lililoko kwenye menyu yako halighushiki.

Ninachotaka mama zangu na shangazi zangu wakielewe ni kwamba mwizi huyu hakuwafuata kwa sababu ya ujinga wao. Aliwafuata kwa sababu ya uaminifu wao, na kuangalia salio kwanza hakupunguzi uaminifu huo hata kidogo.

Anayenipigia anasema ni wa huduma kwa wateja, na anajua jina langu kamili. Nitamjuaje?

Jina lako kamili huonekana na yeyote anayeanza kukutumia pesa, kwa hiyo kulijua si ushahidi wa kitu. Safaricom imetangaza kwamba huwapigia wateja kwa namba 0722 000 000. Lakini hata namba hiyo ikionekana kwenye kioo, mfanyakazi wa kweli hana sababu ya kukuuliza PIN, wala namba iliyoingia kwa ujumbe, wala kukuamuru ubonyeze namba ndefu zenye nyota (*) na reli (#) wakati mnazungumza.

Hili la kubonyeza lina hatari yake mahususi. Mlolongo unaoanza na *21* au **21* ukifuatwa na namba ya mtu huzihamisha simu zako zote ziende kwake, pamoja na zile simu za kutaja namba ya uthibitisho kwa sauti. Ikiwa uliwahi kuelekezwa ubonyeze kitu usichokielewa, piga *#21# uone kama simu zako zimeelekezwa pengine, na ##002# kufuta uelekezaji wote.

WhatsApp huibwaje hali simu iko mkononi mwangu?

WhatsApp hukutambua kwa namba ya simu. Mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuiweka programu kwenye simu yake akaandika namba yako, na papo hapo WhatsApp itatuma tarakimu sita kwako wewe ili kuthibitisha. Anachokosa ni hizo sita tu, na hizo ndizo anazokuja kukuomba.

Hakuombi kwa sura yake. Kwanza ameshaichukua akaunti ya mtu unayemjua, na kutoka humo anaandika kama yeye: "Mjomba, shikamoo. Kuna namba imekuja kwako kimakosa, ni ya kwangu, nirushie tafadhali." Wewe unaona picha ya mpwa wako, unaona mazungumzo yenu ya nyuma, na unarusha. Dakika mbili baadaye WhatsApp yako inafungwa, na yeye anaanza kuwaandikia watu wako kwamba umelazwa hospitali na unahitaji msaada wa haraka. Nimewahi kuona kundi la mtaa likichanga pesa usiku mzima kwa mgonjwa aliyekuwa amelala nyumbani kwake akiwa mzima. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji kamili, yaani hausomeki na yeyote ila mtumaji na mpokeaji, tangu mwaka 2016, ila usimbaji hauwezi kumzuia aliyepewa funguo na mwenye nyumba.

Kinga yake iko ndani ya mipangilio ya akaunti, kwenye uthibitishaji wa hatua mbili, ambapo utaweka PIN ya tarakimu sita unayoichagua wewe, na hapo mwizi hata akizipata zile sita za ujumbe atakwama. Weka pia anwani ya barua pepe unayoifungua mwenyewe, usije ukaisahau PIN ukafungiwa nje. Kisha angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na kifaa chochote usichokitambua ukiondoe. Wapo wanaosomewa mazungumzo kwa miezi na kompyuta waliyoiunganisha siku moja kwenye duka la kuchapisha karatasi wakaisahau.

Ikiwa imeshaibwa, iweke programu upya, andika namba yako na uingize tarakimu sita zitakazokuja. Ukizikamilisha, mwizi hutolewa hapo hapo. Akiwa ameweka PIN yake ya hatua mbili, utalazimika kusubiri siku saba kabla ya kuingia, ila katika siku hizo naye hayumo. Wakati unasubiri, piga simu kwa wasimamizi wa makundi yako, wakutoe na wawaarifu watu kwa sauti zao wenyewe.

Nimesikia sauti ya mwanangu akilia na kuomba pesa. Inawezekana si yeye?

Inawezekana. Kompyuta ya leo inaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na kipande kifupi alichokirekodi mwenyewe. Kata, kisha mpigie kwenye namba unayoijua au umpigie aliye karibu naye. Familia ikubaliane juu ya swali moja ambalo jibu lake halijawahi kuandikwa mtandaoni, kwa mfano jina la punda wa nyumbani aliyekufa zamani.

Mtandao ulipotea ghafla kwenye simu yangu. Je, laini yangu imebadilishwa na mtu?

Huenda ikawa hivyo, lakini kwetu mtandao hupotea kwa sababu nyingi, na anayesafiri kwenda Faza au Kizingitini anajua kuna sehemu za maji ambazo simu hunyamaza kabisa. Kipimo ninachotumia ni simu ya jirani. Ikiwa aliyeketi kando yako ana laini ya kampuni ileile na yake inashika, wakati yako haionyeshi mtandao hata baada ya kuizima na kuiwasha, usisubiri kesho. Mtu anaweza kuwa amemshawishi wakala amtolee kadi mpya yenye namba yako, na kadi mpya ikianza kazi ya zamani hufa. Azima simu, piga 100 au 234 upate msaada wa M-Pesa, uombe laini na akaunti zifungwe.

Unaweza pia kujikinga kabla kwa kupiga *100*100#, ili laini yako isibadilishwe na wakala bali kwenye duka la kampuni, wewe mwenyewe ukiwa na kitambulisho. Kwa anayeishi visiwani kuna gharama yake, maana siku utakapoipoteza kadi utalazimika kusafiri mpaka dukani. Naona gharama hiyo inafaa kwa mwenye biashara.

Kundi letu limetumiwa kiungo cha bando la bure la Ramadhani. Ni la kweli?

Hapana. Kila Ramadhani na kila Idi viungo hivi hurudi na sura mpya. Angalia dalili moja inayotosha: kinakutaka ukirushe kwa watu kumi au makundi matano kabla ya kukupa kitu. Kampuni inayotaka kutoa zawadi haina haja ya kukutumia wewe kama mjumbe. Ukikibonyeza, utaulizwa namba ya simu, kitambulisho, au utatakiwa kuweka programu. Ukikiona kwenye kundi, mwandikie aliyekileta faraghani ili asiaibike mbele za watu, umwombe akifute.

Wengine huniambia waliona alama ya kufuli juu ya ukurasa wakaamini. Kufuli inakuambia njia imefungwa na hakuna anayechungulia katikati. Haikuambii aliye mwisho wa njia ni nani.

Ninakodisha vyumba Shela. Mgeni ametuma picha ya malipo na kuomba nimrudishie kilichozidi. Nifanye nini?

Picha ya malipo si malipo. Subiri mpaka benki au M-Pesa ikuonyeshe pesa zenyewe, na zikiwa zimelipwa kwa kadi au hundi ya ng'ambo, usirudishe ziada kabla ya benki kukuhakikishia kwamba malipo hayawezi kufutwa. Mgeni anayelipa zaidi ya bei kisha akaharakisha kuomba ziada yake ipelekwe kwa "dereva" au "wakala" ni hadithi inayojulikana, na msimu wa Desemba, ambapo kila mwenye nyumba anahofia kumpoteza mgeni, ndio wakati inapofanikiwa. Jihadhari vilevile na ujumbe unaodai kutoka kwenye tovuti ya kuhifadhi vyumba na kukutaka uingie kwa kiungo. Fungua programu yenyewe uangalie kama ujumbe huo umo ndani.

Ni hatari kuweka programu kutoka nje ya Play Store?

Ndiyo, na hapa sina ulegevu. Faili la programu lililotumwa kwa WhatsApp, likiitwa kadi ya mwaliko wa harusi au WhatsApp ya rangi ya dhahabu, linaweza kubeba kitu kinachosoma ujumbe wako na kuupeleka kwingine. Programu hasidi za kuiba pesa hupenda kuomba ruhusa moja hasa, ile ya ufikivu, ambayo iliwekwa ili kuwasaidia wasioona au wenye ulemavu wa mikono. Anayepewa ruhusa hiyo huweza kusoma kilichoko kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako, pamoja na kukuzuia usiiondoe. Fungua mipangilio ya ufikivu sasa hivi. Ukikuta programu usiyoitambua imewashwa humo, izime.

Simu kupata moto na betri kuisha haraka watu huita virusi, na wakati mwingine ni kweli, ila nyingi zinazoletwa kwangu zina betri iliyochoka na jua la Kaskazi. Dalili ninazozichukulia kwa uzito zaidi ni bando kuisha bila kutumika, ujumbe kutumwa ambao hukuuandika, na matangazo kutokea hata hujafungua kitu. Ikiwa programu inakataa kuondoka, iwashe simu katika hali salama, ile inayozizima programu ulizoongeza mwenyewe, uiondoe. Ikishindikana, hifadhi picha na namba zako kisha uirudishe simu katika hali ya kiwandani, na maneno ya siri uyabadilishe ukitumia simu nyingine.

Na programu za mikopo?

Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na majina ya waliopewa leseni huchapishwa kwenye tovuti yake. Tangu mwaka 2023 Google imekataza programu za mikopo binafsi zilizo dukani mwake kusoma orodha ya namba zako na picha zako, kwa sababu wakopeshaji walikuwa wakizitumia kuwaaibisha wadaiwa kwa ndugu zao. Basi programu ya mkopo inayokujia kwa kiungo, nje ya duka, kuna uwezekano mkubwa imekimbia katazo hilo. Aliyetendewa hivyo anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya sheria ya 2019.

Kusasisha simu kunakula bando langu. Kuna haja gani?

Mwezi wa Mei 2019 iligunduliwa kasoro kwenye WhatsApp iliyomwezesha mshambuliaji kuweka programu ya upelelezi kwa kupiga simu tu, hata mwenye simu asipoipokea. Hakuna uangalifu wa mtu ambao ungeizuia. Kilichoizuia ni toleo jipya la programu. Masasisho mengi ni ya namna hiyo, ukarabati wa nyufa ambazo wezi wameshaziona. Yapakue kwenye Wi-Fi ya kazini au ya rafiki, simu ikiwa kwenye chaji, kwa kuwa umeme ukikatika katikati na betri ikaisha unaweza kuiharibu.

Simu ya Android huonyesha tarehe ya sasisho lake la mwisho la usalama. Ikiwa tarehe hiyo imepitwa kwa miaka miwili au zaidi na hakuna jipya linalokuja, simu hiyo ibaki ya picha na simu za kawaida, na pesa zihamie kwenye nyingine. Unaponunua, uliza itasasishwa kwa muda gani: kwa Pixel 8 ya mwaka 2023 Google iliahidi miaka saba, na kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024 Samsung iliahidi vivyo hivyo, lakini simu nyingi za bei ya chini hazifiki hata nusu ya hapo.

Mtu ananitisha kwamba atasambaza picha zangu za faragha. Nimlipe?

Usimlipe. Anayelipwa mara moja hurudi, kwa sababu amejua unazo pesa na unaogopa. Usifute mazungumzo: piga picha za kioo zinazoonyesha namba, jina la akaunti na vitisho vyenyewe, kisha umzuie. Kusambaza picha za faragha za mtu bila ridhaa yake ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, na unaweza kuripoti kituo cha polisi au kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kupitia namba isiyolipishwa 0800 722 203.

Nawasihi wazazi wa mji huu. Vijana walioniletea jambo hili, wa kike na wa kiume, walikuwa wanaogopa nyumbani kuliko wanavyomwogopa mwizi, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya walipe kimyakimya mpaka waishiwe. Mtoto akijua kwamba atasikilizwa kwanza kabla ya kukaripiwa, mwizi hana tena cha kumshikia.

Simu yangu imeibwa, au imezama bandarini. Nifanye nini kwa mpangilio?

Laini kwanza, simu baadaye. Azima simu ya mtu yeyote upige kampuni ya laini uifunge pamoja na M-Pesa, kisha iambie benki yako. Baada ya hapo ingia kwenye huduma ya Google au ya Apple ya kutafuta simu, uifunge kwa mbali, na ukiona haipatikani ufute vilivyomo. Badilisha neno la siri la barua pepe, maana barua pepe ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote. Nenda polisi ukiwa na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, ambayo ulipaswa kuipata mapema kwa kupiga *#06# na kuiandika kwenye karatasi inayobaki nyumbani. Wengi huikumbuka pale simu inapokuwa imeshaondoka. Iliyozama nayo ifungie laini vilevile, kwa sababu kadi hustahimili maji na iliyotupwa na mawimbi huokotwa.

Ni salama kumwachia fundi simu?

Toa kadi ya laini na kadi ya kumbukumbu kabla ya kuiacha. Kubadilisha kioo au betri hakuhitaji PIN yako. Kama fundi anataka kujaribu kitu, ifungue wewe ukiwepo. Baadhi ya simu, zikiwemo nyingi za Samsung, zina hali ya matengenezo inayoficha picha na ujumbe wakati fundi anafanya kazi. Nasema haya dhidi ya wepesi wa kazi yangu mwenyewe, na sioni kosa mteja anaponiomba nifanye kazi mbele yake.

Nikinunua simu iliyotumika, niangalie nini?

Linganisha namba inayotokea kwa *#06# na ile iliyo kwenye boksi au risiti. Kisha mwombe muuzaji aondoe akaunti yake ya Google au ya Apple na kuirudisha simu katika hali ya kiwandani nawe ukiwa unatazama. Simu iliyofutwa bila akaunti kuondolewa itakapowashwa itadai neno la siri la mwenyewe wa kwanza, na wengi wameniletea simu za namna hiyo wakiomba niwafungulie, nami sifungui, kwa kuwa sijui ilitoka kwa nani. Iwashe, weka akaunti yako mwenyewe, piga simu moja nayo, halafu ndipo utoe pesa.